Kamyo ya Wajane kwenye Njia ya Kasenga

Tangu niache kazi, watu wananiuliza ninafanya nini asubuhi. Ninasikiliza. Nyumba yangu hapa Kamalondo iko karibu na barabara, na kila lori likipita najua limebeba nini kabla sijafungua dirisha. Mahindi yanalifanya linung'unike. Mbao zinalifanya lilie. Samaki mkavu hana sauti, ila harufu yake inatangulia mbele ya lori lenyewe. Vijana wa kampuni yetu wameniomba niandike jinsi tulivyoanza, sisi ambao hatukujua lolote juu ya malori, na ninaandika kwa ajili yao. Habari za lori la pili na la tatu nitaziacha. Nitaacha pia habari za siku mkubwa mmoja wa serikali alipotusalimia kwa mkono mbele ya watu. Alikuwa amevaa glavu.

Jina langu ni Veronika. Nilizaliwa kaskazini, nikaletwa Elisabethville nikiwa mke wa fundi wa reli. Sisi wenyewe tunauita mji huu Lubumbashi, kwa jina la mto wake. Mume wangu alikufa kwa ugonjwa wa kifua wakati vita vya Wazungu vilipokuwa vinakwisha, na mimi nikaingia katika biashara ya samaki kama wanawake wengine wengi wa mtaa. Tulikwenda Kasenga, kwenye mto Luapula, tukanunua samaki waliokaushwa kwa moshi, tukarudi kuwauza sokoni.

Kwenda na kurudi tulipanda juu ya mizigo ya malori ya tajiri mmoja. Siku moja ya masika lori lake lilikwama katikati ya pori. Mwenyewe alikuwa ndani ya kabini, akatoa kichwa na kuamuru mzigo upunguzwe. Magunia yake ya mahindi hayakuguswa. Vilishushwa vikapu vyetu, kisha tukashushwa sisi.

"Bwana, juu ya nini munatuacha?" aliuliza Mama Ngosa, mwenzangu wa biashara tangu siku ya kwanza, mwanamke mrefu wa huko huko Luapula ambaye hacheki ovyo.

"Nitarudia kubatwala," alisema tajiri, yaani atarudi kutuchukua.

Hakurudi. Mvua ilinyesha juu yetu na juu ya samaki, na samaki aliyekwisha kukaushwa hapendi kuoshwa mara ya pili. Walipoanza kuota ukungu tuliwamwaga porini, tukarudi mjini kwa miguu na kwa huruma ya watu wa baiskeli. Ilikuwa katika safari ile ya miguu Mama Ngosa aliposema, bila kugeuza kichwa:

"Tutanunua kamyo yetu."

Kamyo ndilo neno letu la lori. Nilicheka, ingawa miguu iliniuma.

"Na nani ataiendesha?"

"Muntu mwenye kujua kuendesha. Weye unavaa viatu. Ulivishona?"

Nilitazama viatu vyangu, nikaendelea kutembea.

Tulikuwa kundi la wanawake tuliokuwa tukichanga na kupeana kwa zamu, mchezo tunaouita likilimba. Wengi wetu tulikuwa wajane. Wale wenye waume walikwenda kuomba ruhusa, wengine wakarudi nayo, wengine hawakurudi kabisa. Tuliobaki tulinunua lori kuukuu la jeshi lililokuwa limesimama katika shamba moja upande wa Kafubu. Rangi yake ilikuwa ya jani lililokauka. Kuku walikuwa wanataga kwenye kiti cha dereva. Tulilinunua pamoja na mayai.

Kabla ya lori kutembea ilitubidi tupate kibali. Karani aliyetupokea alikuwa Mwafrika mwenzetu, tai shingoni, kalamu nyuma ya sikio.

"Kamyo iko ya nani?" akauliza.

"Yetu," nikasema.

"Yenu na nani?"

"Yetu na sisi."

Alitutazama mmoja mmoja, akatazama nyuma yetu kama kwamba mwanamume alikuwa bado anapanda ngazi. Kisha akaingia kwa mkubwa wake, Mzungu. Tulisikia kicheko kupitia mlangoni, kicheko kirefu cha mtu aliyepewa zawadi asubuhi. Karani akatoka na karatasi iliyopigwa muhuri. Kicheko kile hakikuniudhi. Muhuri wenyewe haukuwa unacheka.

Mtaani walituita Kamyo ya Bajane. Jina lilitoka kwa wanaume waliokuwa wakinywa pombe mbele ya duka la fundi cherehani, na walidhani limetukera. Mama Ngosa alimtafuta mtu mwenye kopo la rangi nyeupe, akamwambia aliandike ubavuni mwa lori kwa herufi kubwa.

Sasa nifike kwa Ba Alfonsi, kwa sababu bila yeye kuku wangeendelea kutaga pale.

Ba Alfonsi alikuwa amekwenda vitani. Aliendesha malori ya jeshi mbali sana kaskazini, katika nchi ambayo, alisema, Mungu alisahau kupanda hata mti mmoja. Aliporudi hakuna aliyempa usukani, na tulimkuta akilinda mlango wa duka la mikate. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye masikio makubwa. Tulimpeleka shambani kuliona lori. Hakufungua kitu. Alivua kofia, akalizunguka polepole kama mtu anayekwenda kutoa pole kwa wafiwa, kisha akaweka kiganja juu ya boneti.

"Iko mzima?" nikamwuliza.

"Iko inalala," akasema.

Alilala nalo pale shambani, akila mayai, mpaka akamaliza kulifungua na kulifunga. Halafu akatuita sote, wanawake wote wa likilimba. Tulimwambia hatukukusudia kuendesha. Akatikisa kichwa.

"Mwenye kamyo asiyejua kamyo yake, na yeye iko muzigo tu."

Basi akainua boneti. Vijana wangu, ninyi mlikua mkicheza kati ya injini, hamuwezi kujua jinsi moyo wangu ulivyokuwa siku ile. Maisha yangu yote nilidhani ndani ya lori kuna kitu kimoja kikubwa chenye nguvu, kama ng'ombe dume aliyefungiwa. Nilichungulia nikakuta vitu vidogo vidogo: bomba, nyaya, vikombe, mkanda, misumari yenye uzi, kila kimoja dhaifu kiasi kwamba ningeweza kukikunja kwa mkono. Nikamwuliza, nguvu yenyewe iko wapi?

"Njo hii," akasema, akizungusha kidole juu ya vyote kwa pamoja. "Hakuna mwenye nguvu hapa. Banasaidiana tu."

Akatushika mikono akatugusisha kila sehemu. Hii inakunywa maji. Hii inakunywa esansi. Hii njo inapumua, ukiifunga pua inakufa sawa weye. Esansi ni petroli. Mama Ngosa alirudia majina yote kwa sauti kama katekisimu, na alikuwa na haki, maana sijaona katekisimu nyingine inayokupeleka Kasenga.

Kisha Ba Alfonsi akachomeka mbele ya lori kile chuma cha kuzungushia tulichokiita manivela, akatusogeza nyuma, akazungusha. Lori lilikohoa. Akazungusha tena. Likakohoa kama mzee anayeamshwa mapema. Mara ya tatu likanguruma, likatetemeka lote toka pua hadi mkia, kuku wakatawanyika, moshi mweusi ukatoka, ukawa wa kijivu, ukawa hauonekani. Mama Ngosa alipiga ishara ya msalaba. Mimi nililia mbele ya watu, jambo ambalo sikulifanya hata siku ya kumzika mume wangu, kwa kuwa siku ile nilikuwa na wageni wa kulisha.

Safari ya kwanza nilikaa kabini, katikati ya Ba Alfonsi na Mama Ngosa. Barabara ya Kasenga mnaijua ilivyo leo. Enzi zile ilikuwa nyembamba, miti ikigusa mabega ya lori pande zote mbili, na vichuguu vya mchwa vikisimama porini virefu kuliko nyumba zetu. Nilikuwa nimepita pale mara nyingi juu ya magunia, nimefunga macho kwa vumbi. Sasa nilikuwa nimekaa nyuma ya kioo, na pori lilikuja kwangu likiwa limenyooka, likifunguka katikati kama kitambaa kinachokatwa kwa mkasi mzuri.

Na Luapula! Nilikuwa ninafika ukingoni mwake kila mwezi, nimechoka, nikitafuta mahali pa kulala na mtu asiyeiba vikapu. Sikuwahi kuutazama. Siku ile Ba Alfonsi alisimamisha lori mahali barabara inapoteremka, akazima injini ili ipoe. Mto ulikuwa umelala mbele yetu, mpana, mweupe kwa jua, na ng'ambo yake ardhi ya Waingereza, na mitumbwi ya wavuvi midogo kama mbegu za tikiti. Mama Ngosa, aliyezaliwa kwenye maji yale, ndiye aliyefungua kinywa kwanza.

"Kumbe ni huu," alisema, kama aliyeonyeshwa upya uso wa mama yake.

Tulijifunza kwa kukosea, na makosa mengine yanachekesha sasa. Tulipakia samaki wote nyuma, lori likainua pua kama mbwa anayenusa, na usukani ukawa mwepesi mno. Ba Alfonsi akatushusha akatufundisha kupakia: vizito chini na mbele, vyepesi juu, kamba ivutwe ikiwa imelowa kidogo ili ikikauka ikaze yenyewe. Tenki likitoboka kwa jiwe, sabuni ya kufulia ilipondwa ikaziba tundu, na lori lilifika nayo mjini. Mpira wa ndani ukipasuka na hakuna mwingine, tulijaza majani makavu ndani ya tairi, tukayashindilia kwa mpini wa shoka, tukaenda taratibu tukirukaruka kama walevi. Penye matope tulichimba udongo wa kichuguu tukaumwaga njiani, maana mchwa wanajua kujenga kuliko idara yoyote ya barabara. Shoka, jembe, panga, jeki, minyororo, kamba za katani, mbao mbili nene, ndoo. Mtu akiniuliza mtaji wa kampuni yetu ulikuwa nini, humtajia vitu hivyo.

Ba Alfonsi alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja hata kama tuna haraka. Kila daraja la magogo, abiria wote washuke, watangulie kwa miguu. Yeye peke yake ndiye anayevusha lori.

"Kamyo ikianguka, ianguke na muntu moya," alisema. Alilisema kama mtu anayeeleza namna ya kufunga kamba, nasi tukalizoea hivyo hivyo, bila kufikiri huyo mtu mmoja ni nani.

Masika ya mwaka uliofuata tulikuwa tunatoka Kasenga, lori limejaa. Kuna mto mdogo kwenye njia ile ambao wakati wa kiangazi mbuzi anauruka. Siku ile ulikuwa umepanda hadi karibu na daraja, mwekundu, ukibeba matawi. Mvua ilikuwa imepungua ikawa manyunyu. Mimi na Mama Ngosa tulishuka, tukavuka kwa miguu, tukasimama ng'ambo upande wa mjini. Kutoka kijiji kilichokuwa nyuma ya miti, upande huo huo, tulisikia ngoma na vilio. Walikuwa na msiba.

Ba Alfonsi alilipima daraja kwa macho, akaja polepole. Magurudumu ya mbele yalifika karibu na sisi, nikaona hata uso wake, umetulia. Ndipo gogo moja la nyuma, ambalo juu lilikuwa zima na chini limeliwa na maji, likavunjika. Sauti yake ilikuwa ndogo. Nyuma ya lori ikazama, lori zima likainama upande wa mto, likakaa limeegemea gogo lililobaki, na vikapu kadhaa vikatumbukia majini, vikaenda.

Injini ilizimika. Mlango wake ulikuwa upande ulioinamia maji. Alijaribu kusogea kwenda mlango mwingine, na lori likamfuata. Nasema kweli: kila alipohama kidogo, lile gogo lililia na lori liliteremka kidogo. Akarudi pale pale akatulia, mguu kwenye breki, mikono yote kwenye usukani.

"Ba Alfonsi!" nikaita, nikaanza kukimbia kuelekea darajani.

"Mama, hapana kukuja!" Hakupaza sauti. "Minasikia inasogea. Simama pale pale."

Mama Ngosa alikuwa amekwisha kuvua viatu. Alikimbia kuelekea kwenye ngoma, bila kuaga. Nikabaki peke yangu, hatua chache kutoka kwa mtu ambaye sikuweza kumgusa.

"Mama," akasema baada ya muda, "sema kintu."

"Niseme nini?"

"Kintu chochote. Nikisikia maji peke yake mbaya."

Akili yangu ilikuwa imekauka. Sala zote ziliniponyoka. Basi nikaanza kumtajia injini. Hii inakunywa maji, nikasema. Hii inakunywa esansi. Hii njo inapumua. Nilitaja kila kitu alichonigusisha kule shambani, kwa mpangilio ule ule, na nilipokosea alinisahihisha kutoka kabini, sauti yake ya chini, uso mbele, bila kunitazama. Tulipofika mwisho akaniambia nianze tena.

Ndipo ngoma ikanyamaza. Niligeuka, nikawaona watu wanatoka kwenye miti. Walikuwa wengi kuliko nilivyodhani kijiji kile kingeweza kuwa nacho, maana msiba ulikuwa umewaita watu wa vijiji vya jirani. Walitoka kuzika moja kwa moja. Wanawake walikuwa wamefunga magome ya mti viunoni, nyuso zimepakwa majivu ambayo manyunyu yalikuwa yanayachora mistari. Wanaume walibeba majembe, na majembe yalikuwa na udongo mbichi. Hakuna aliyepiga kelele. Mbele yao alitembea mwanamume wa makamo, macho mekundu, kifua wazi. Mama Ngosa aliniambia baadaye: aliitwa Mwape, na waliyemzika alikuwa mke wake.

Mwape alilitazama lori, akamtazama Ba Alfonsi ndani yake, akatazama maji. Alisema Kiswahili ili sisi tusikie.

"Leo tumeisha kuzika muntu moya. Wa pili, hapana."

Hayo tu. Kisha akawapa watu kazi kwa mkono, kama mtu anayegawa chakula. Wengine walikata miti wakaisukuma chini ya lori iwe nyenzo. Wengine waliteremka ndani ya mto wenyewe, maji vifuani, wakishikana, wakaweka mabega chini ya ubavu ulioinama. Tulifunga kamba zetu za katani na minyororo mbele ya lori, zilipokwisha wakaunga kwa kamba za magome, na wanawake tukazishika, safu ndefu iliyoingia hadi kwenye miti. Mbele yangu alikuwa bibi mmoja mwenye mikono myembamba kama vijiti vya kukorogea. Nilitaka kumwambia apumzike. Alinigeukia akaniambia kwa lugha yake nishike vizuri.

Ili watu wengi wavute kwa pamoja lazima wimbo uwepo, na midomoni mwao siku ile ulikuwepo mmoja tu, wimbo wa kumlilia marehemu. Mwape mwenyewe aliuanzisha. Ni wimbo wa polepole, unaopanda halafu unakaa, unapanda halafu unakaa. Kila ulipopanda, tulivuta. Kila ulipokaa, tulishikilia. Nilisikia jina la mwanamke nisiyemjua likipita kwenye kamba, kutoka mkono hadi mkono, na kamba ikakaza kama kitu kilicho hai.

"Ba Alfonsi, acha breki!" Mama Ngosa akapiga ukelele.

Akaiacha. Lori lilitikisika, likashuka kidogo, nikafumba macho. Wimbo ukapanda. Nilipofumbua, lori lilikuwa linakuja. Halikuja kama gari, lilikuja kama mtu anayesaidiwa kuinuka kitandani: bega moja kwanza, kisha la pili, maji yakichuruzika, vichwa vya wanaume vikitokeza chini yake kimoja baada ya kingine. Likapanda ukingoni, likapita mbele yetu, na hatukuacha kuvuta mpaka likagusa mti, maana hakuna aliyekuwa ameambiwa kwamba imetosha.

Ba Alfonsi alifungua mlango, akaweka mguu chini, ukateleza kwenye matope. Mwape alimshika kabla hajaanguka. Walisimama hivyo, mjane wa asubuhi ile na mtu aliyekuwa karibu kufa, wote wamelowa.

Vikapu vilivyosalia tulivishusha vyote, tukavipeleka msibani. Hatukushauriana. Tulipika na wanawake wa kijiji, tukala pamoja nao, tukalala pale chini kama desturi inavyotaka. Kesho yake tulirudi mjini na lori tupu. Njia nzima nilikuwa ninapanga maneno ya kuwaambia wenzetu wa likilimba, ambao samaki wale walikuwa wao pia. Walitungoja sokoni wamesimama. Tulieleza yote. Mkubwa wetu kwa umri akauliza:

"Mulikula nabo?"

"Tulikula."

"Basi," akasema, akaenda kufagia meza yake.

Nilidhani Ba Alfonsi hatarudi. Nisingemlaumu. Asubuhi ya safari iliyofuata nilifika mapema nikiwa nimejiandaa kuambiwa kwaheri, nikamkuta amelala chini ya lori, miguu tu inaonekana, anapiga nyundo.

"Mama, tunaenda ao hatuende?" akauliza kutoka kule chini.

Tulipakia chumvi, sukari, vitambaa na majembe, na pembeni gunia moja la chumvi la Mwape na watu wake. Tulijua daraja halipo. Tulikubaliana kwamba tukifika tutavusha mzigo kwa mitumbwi, au tutarudi, au tutaona. Manyunyu yalikuwa yamekwisha, jua lilikuwa limetoka, na barabara ilitoa mvuke.

Tulipokaribia, Ba Alfonsi alipunguza mwendo, akasimama kabisa. Kulikuwa na daraja.

Hapakuwa na kikosi cha barabara. Hakuna afisa aliyekuja, maana habari ilikuwa haijafika kwa afisa yeyote. Magogo yalikuwa mapya, manene, yametolewa magome, yamelazwa kwa ukaribu kiasi kwamba kisu kisingepita, na yamefungwa kwa kamba za magome kila baada ya urefu wa mkono mmoja. Upande wa pili Mwape alikuwa amechuchumaa, akisawazisha ncha ya gogo la mwisho kwa tezo. Watu kadhaa walikuwa wamekaa ukingoni, wamechoka, miguu majini. Alipotuona alisimama, akapangusa mikono, akavuka kuja kwetu.

Ba Alfonsi alishuka. Alivua viatu, akaviweka kando, akatembea juu ya daraja lile kwa nyayo tupu, polepole, kwenda na kurudi. Akapiga magoti akalipima kwa viganja. Kulikuwa na magogo mawili makubwa kuliko mengine, moja kila upande, yamelazwa sawasawa mahali magurudumu yanapopita.

"Munajua namna gani fasi ya pinè?" alimwuliza Mwape. Fasi ni mahali, pinè ni tairi.

Mwape akaonyesha ukingoni, kwenye matope yaliyokauka, alama za magurudumu yetu za siku ile. Walikuwa wamezipima kwa kamba ya mzabibu wa porini, mvua isije ikazifuta. Kamba yenyewe ilikuwa bado imening'inia mtini.

Nilitoa gunia la chumvi, nikasema maneno niliyokuwa nimeyaandaa, na hayakuwa na maana yoyote mbele ya daraja lile. Mwape aliyapokea kwa heshima. Kisha akaliangalia lori, akalizunguka, akasoma kwa kidole zile herufi nyeupe ubavuni. Alionekana ana neno.

"Mama," akasema, "sijapanda kamyo hata siku moja."

Mimi na Mama Ngosa tulitangulia kwa miguu, kama sheria. Ba Alfonsi alimfungulia Mwape mlango. Ni mara pekee katika miaka yetu yote niliyomwona akimvusha mtu daraja ndani ya lori, na hakuna aliyemkumbusha sheria yake. Tulisimama ng'ambo, upande wa Kasenga, tukawatazama wanakuja. Mwape alikuwa ameketi wima, mikono juu ya magoti, macho mbele. Magogo hayakulia. Lori lilivuka kama linavyovuka uwanja.

Akateremka. Alikwenda mbele ya lori, akaweka kiganja juu ya boneti iliyokuwa inatetemeka bado, akakiacha pale muda mrefu, kichwa kimeinama kama mtu anayesikiliza.

"Sasa minajua kintu tulinyanyua," alisema.

Kisha akageuka, akarudi kwao kwa miguu juu ya daraja. Ba Alfonsi alikuwa amezima injini, na hakuiwasha mpaka Mwape alipofika ng'ambo.